Kura, Imani na "Mtoto wa Nani": Istilahi Katika Riwaya ya Silas Marner

Makala haya yanakusudia kuichunguza riwaya ya Silas Marner, iliyotungwa na George Eliot na kuchapishwa Uingereza mwaka 1861, kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni istilahi. Wahakiki wa Ulaya wamekwisha kuandika mengi juu ya kitabu hiki, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Swali letu ni jembamba zaidi, na kwa mfasiri ni gumu zaidi. Riwaya hii imejengwa juu ya mambo matatu: imani, wajibu, na hali ya mtu kuwa wa watu fulani na wa mahali fulani. Je, mambo hayo yanasemekaje kwa Kiswahili bila ya kuharibika? Mifano yetu tumeichukua zaidi Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu. Huko ndiko mwandishi alikokulia, na huko mgeni kushukiwa uchawi, ramli kumtia mtu hatiani, na mtoto mmoja kudaiwa na baba wawili ni mambo yasiyohitaji maelezo chini ya ukurasa.

Riwaya za Kiingereza za enzi ya Malkia Victoria si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard, na Kisiwa Chenye Hazina, kitabu cha Stevenson, vilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929. Lakini vitabu hivyo vilimdai mfasiri maneno ya merikebu, bunduki, mapango na almasi. Dhamiri ya mtu haikuwa na nafasi kubwa humo. Ndiyo maana wengi wetu tumezoea kudhani kwamba Waingereza wa karne ya 19 waliandika juu ya safari na hatari tu. Silas Marner anahama mara moja, kisha anakaa, na taabu yote ya riwaya inatokana na kule kukaa.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Silas ni mfuma kitani, muumini wa kusanyiko dogo la Lantern Yard katika mji mmoja wa kaskazini. Akiwa zamu usiku kando ya kitanda cha shemasi mgonjwa, mfuko wa fedha za kusanyiko unaibwa. Mwizi ni William Dane, rafiki yake mkubwa, lakini kisu cha Silas ndicho kinachokutwa mahali pa fedha. Kusanyiko linapiga kura, na kura inamwangukia Silas. Anaondoka, anafika kijiji cha Raveloe, na kwa miaka 15 anaishi peke yake, akifuma na kuhesabu dhahabu anayoificha chini ya sakafu. Dhahabu hiyo nayo inaibwa na Dunstan Cass, mwana wa mwenye mashamba. Kisha, usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, mtoto mdogo wa kike anaingia nyumbani mwa Silas na kulala mbele ya moto. Mama yake amekufa nje katika theluji. Baba wa mtoto ni Godfrey Cass, kaka wa yule mwizi, aliyemwoa mama huyo kwa siri. Godfrey anamwona mtoto, anamtambua, ananyamaza. Silas anamlea mtoto huyo, anamwita Eppie. Baada ya miaka 16 shimo la mawe lililo jirani linakauka, mifupa ya Dunstan inaonekana pamoja na dhahabu, na Godfrey, ambaye sasa ana mke mwingine lakini hana mtoto, anakwenda kumdai binti yake. Binti anakataa.

Tuanze na kura, maana hapo mfasiri huteleza kabla hata hajaanza kutembea. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya awali ni kitu kinachotupwa au kuchotwa ili jambo liamuliwe pasipo mkono wa mtu. Ndiyo maana iliyomo katika Agano Jipya, pale Mathiya alipochaguliwa kushika nafasi ya Yuda. Lakini leo, kwa raia yeyote aliyewahi kusimama katika foleni siku ya uchaguzi, kupiga kura ni kutoa uamuzi wake mwenyewe kwa siri na kuhesabiwa. Maana ya pili imeimeza ya kwanza. Tulipowasomea walimu wachache wa sekondari mjini Bariadi rasimu yetu ya sura hiyo, mmoja aliuliza kura za kumkataa Silas zilikuwa ngapi.

Swali hilo halikuwa la mzaha, na linaigusa roho ya riwaya. Kama kusanyiko lilipiga kura kwa maana ya leo, basi Silas alihukumiwa na wanadamu, naye angeweza kuwachukia wanadamu na kubaki na Mungu wake. Eliot hakuandika hivyo. Watu wa Lantern Yard walijitoa katika uamuzi, wakasali, wakamwachia Mungu aseme. Silas naye aliikubali kura kwa moyo mweupe, akiamini itamsafisha. Ilipomwangukia, Mungu mwenyewe ndiye aliyeonekana amesema uongo. Mfasiri asipoilinda tofauti hii, kilio cha Silas cha kwamba hakuna Mungu wa haki kitasomeka kama hasira ya mtu aliyeshindwa katika uchaguzi.

Yapo maneno mengine yanayojitokeza. Bahati nasibu haifai, kwa kuwa inanuka zawadi na tiketi. Ramli inavutia zaidi. Mzee wa Bariadi akisimuliwa tukio hili atasema pasipo kusita kwamba hiyo ni ramli, naye atakuwa anasema kweli: anawajua waganga wanaopasua kuku na kusoma viungo vyake, na anajua kwamba kuku naye huheshimiwa kwa sababu hana upande. Tena lugha ya serikali yetu imetuzalishia istilahi ambayo Eliot angeipenda, ramli chonganishi, yaani ile inayowagombanisha ndugu na majirani kwa kumtaja mbaya wao. Mwezi Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa namna hiyo. Katika Usukuma twafahamu pia vifo vya akina mama wazee ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, na wekundu huo ulikuwa wa moshi wa jikoni. Kwa hiyo neno ramli lingemfikishia msomaji wa Simiyu hofu yote ya tukio lile.

Hata hivyo sisi hatulipendekezi. Watu wa Lantern Yard wangeichukia ramli kama walokole wetu wanavyoichukia. Walijiona wamefika mbali nayo. Ukali wa Eliot umo katika kuonyesha kwamba watu waliojiepusha na waganga waliweza kumpoteza ndugu yao kwa njia ile ile, wakiwa wamepiga magoti. Mfasiri akiandika ramli anamfanyia msomaji kazi ambayo msomaji anatakiwa aifanye mwenyewe. Pendekezo letu ni kuliacha neno kura, lakini kitenzi kibadilishwe: kura itupwe, wala isipigwe, na sentensi iliyotangulia iseme wazi kwamba walimwachia Mungu uamuzi. Hilo latosha.

Kuna istilahi nyingine ndogo ndogo ambazo tutazipitia kwa haraka. Ugonjwa wa Silas, wa kusimama kama sanamu macho wazi bila ya kujua kinachotendeka, si kifafa, wala si kuzimia. Tumeandika kuduwaa, na mganga wa hospitali atatusamehe. Mfuma nguo hana shida, na maneno ya kazi yake yamo katika kamusi zetu za zamani: mtande kwa nyuzi za urefu, mshindio kwa nyuzi za kukatiza. Inasikitisha kwamba wilayani Bariadi, ambako pamba imezagaa hadi barabarani wakati wa msimu, tulipata watu wengi wanaojua mbegu, dawa, mizani na bei, wala hatukupata aliyeyajua maneno hayo mawili. Mzee Cass, baba wa Godfrey, tusimwite mtemi, kwa maana hatawali, wala kabaila, kwa maana neno hilo linakuja na hukumu yake mkononi. Mwenye mashamba yatosha.

Ama kuhusu imani, hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina, na hofu yetu ni kwamba sisi watu wa istilahi tutaufuja. Imani ni kumkubali Mungu. Imani ni msimamo wa kundi la watu, kama ilivyo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo sehemu yake ya kwanza inaitwa Imani ya TANU. Na imani ni huruma. Tukisema juu ya mtu kwamba hana imani, mara nyingi hatuzungumzii sala zake. Twasema kwamba anaweza kumwona mtoto analia akapita. Zaidi ya hayo, shina hilo hilo limezaa amana, uaminifu, kuamini na kuaminiana.

Sasa tuitazame riwaya. Silas alipewa amana, yaani kulinda mgonjwa na mali iliyokuwa chumbani. Uaminifu wake ukatiliwa shaka. Akapoteza imani kwa Mungu, na papo hapo akapoteza imani ya kibinadamu. Yalipomfikia makucha ya ugonjwa wa jirani yake Sally Oates, moyo wake ulifunguka kidogo. Akampa dawa ya majani aliyofunzwa na mama yake, na mgonjwa akapata nafuu. Kijiji kizima kikamjia kutaka hirizi na kago. Alipowaambia kweli kwamba hana uganga wowote, wakamchukulia kuwa mchoyo na mtu wa hatari, naye akajifungia tena. Mtoto alipoingia nyumbani mwake, kilichoamka kwanza ni imani kwa maana ya huruma. Imani kwa maana ya dini ikafuata nyuma, polepole, ikishikwa mkono na ile ya kwanza. Mpango mzima wa Eliot umo katika mfuatano huo. Mwingereza anahitaji riwaya nzima ili aone kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Mswahili amekwisha kulisema kwa neno moja kabla hajafungua kitabu.

Kanuni yetu ya dhana moja neno moja ni kanuni nzuri. Katika sheria za kodi, katika ufundi wa mabomba, katika dawa, mtu anaweza kuumia kwa neno lenye maana mbili. Lakini rasimu moja tuliyoiona ilikuwa imeitenga imani kwa ajili ya dini peke yake, na kila palipokuwa na huruma ikaandika huruma, na palipokuwa na kutegemeana ikaandika utegemeano. Matokeo yake yalikuwa sahihi na yamekufa. Mfasiri wa kitabu hiki anapaswa kuitumia imani kwa makusudi katika maana zake zote, hata pale ambapo Kiingereza kimetumia maneno matatu mbalimbali.

Inafaa ikumbukwe kwamba Eliot, ambaye jina lake halisi lilikuwa Mary Ann Evans, alikuwa mfasiri kabla ya kuwa mtunzi. Mwaka 1846 ilitoka tafsiri yake ya kitabu cha Strauss juu ya maisha ya Yesu, na mwaka 1854 ile ya Feuerbach juu ya kiini cha Ukristo. Feuerbach alishikilia kwamba sifa tunazompa Mungu ni sifa za wanadamu zilizoinuliwa juu. Mwanamke aliyekaa na sentensi za namna hiyo akizitafutia maneno ya Kiingereza, moja baada ya moja, hakuandika hadithi ya mfumaji kwa bahati. Alijua imani na huruma zinakutana wapi. Lugha yake haikuwa na jina la mahali hapo.

Msemaji wa dini katika riwaya ni Dolly Winthrop, mama wa kijijini asiyejua kusoma. Huoka mikate midogo na kuichoma herufi ambazo hazielewi, kwa kuwa ameziona kanisani na kwa hiyo lazima ziwe njema. (Wapo watumishi wa umma wanaovitumia vifupisho vya ofisi zao kwa imani hiyo hiyo.) Dolly anapomzungumza Mungu hutumia wingi, kana kwamba walio juu ni wengi, na Eliot anaeleza kwamba hiyo ni adabu tu, anaogopa kujifanya mzoefu. Tukifasiri neno kwa neno tutaandika Wao walio juu. Jambo hilo Zanzibar litaonekana kosa la sarufi. Bariadi litaeleweka mara moja, na litaeleweka vibaya: walio wengi na wanaoangalia mambo ya kaya ni masamva, mizimu ya ukoo. Tumeonelea afadhali Dolly aseme Mwenyewe aliye juu, bila ya kutaja jina. Heshima inabaki, na mizimu inabaki makwao.

Dolly huyo huyo anamwuliza Silas kama kwao hapakuwa na kanisa. Silas anajibu kwamba kanisa halijui, yeye alikuwa akienda kwenye nyumba ya ibada ya watu wake. Kwa Waingereza tofauti ilikuwa kubwa: upande mmoja kanisa la taifa, lenye kengele na ubatizo wa watoto wachanga, upande wa pili vikundi vilivyojitenga. Kwa Kiswahili kote ni kanisa, na jibu la Silas linakuwa upuuzi. Twapendekeza kanisa kwa Raveloe na kusanyiko kwa Lantern Yard. Lakini hatudai kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Katika Nassa, iliyo sasa Wilaya ya Busega, wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walianzisha kituo mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 kituo hicho kikakabidhiwa African Inland Mission, watu wa mapokeo ya upande ule mwingine. Waumini wakahama, kwa hesabu ya Kiingereza, kutoka nyumba moja kwenda nyingine, huku wameketi mahali pale pale, na neno la jengo lao likabaki kanisa. Huenda walikuwa na sababu.

Wajibu unahitaji uangalifu wa aina nyingine. Katiba yetu ya mwaka 1977 ina sehemu iitwayo Haki na Wajibu Muhimu, na kwa hiyo kila mtumishi wa umma amezoea kuyaona maneno haya mawili yamefungwa nira moja. Nira hiyo ndiyo anayoitumia Godfrey. Anaingia nyumbani mwa Silas akiwa na haki, haki ya damu, na anaifunika kwa lugha ya wajibu: ni wajibu wake kumtunza binti, ni wajibu wa Silas kumwachia apate maisha mema, ni wajibu wa binti kumkubali baba. Nancy, mkewe, mwanamke mwema kabisa, naye husema hivyo kwa moyo safi. Silas hasemi juu ya wajibu hata kidogo. Tumeonelea kwamba kwa upande wake linalofaa ni jukumu, neno lililotujia kutoka India kwa njia ya biashara, ambalo chimbuko lake ni hatari anayoibeba mtu kwa ajili ya mali ya mwingine. Silas alimchukua mtoto asiyejua ametoka wapi. Hakuna aliyemwajibisha. Alibeba hatari.

Eliot mwenyewe alikuwa mkali juu ya wajibu. Mwaka 1842 alikataa kwenda kanisani, akagombana na baba yake, kisha baada ya miezi michache akakubali kuketi tena kando ya mzee, bila ya kubadili fikra zake. Mwaka 1873, katika mazungumzo huko Cambridge, alinukuliwa akisema kwamba Mungu hafikiriki, maisha ya milele hayaaminiki, lakini wajibu hauna mjadala. Ukimsoma juu juu utadhani Godfrey ndiye mwanafunzi wake. La hasha. Kwake wajibu ulikuwa wa yule anayesema, si wa yule anayesemwa. Godfrey alikuwa na wajibu usiku ule wa theluji; miaka 16 baadaye alichobaki nacho ni madai.

Hapa mzee wa Bariadi ana la kusema. Kwa mila za Kisukuma, alizoziandika Hans Cory katika kitabu chake cha mwaka 1953, ndoa ambayo mahari haikutolewa humwacha mtoto upande wa mama. Godfrey alioa kwa siri. Ng'ombe wako wapi? Hawapo, basi hana mtoto. Kesi ingekwisha kabla ya chai. Lakini mzee huyo huyo asingempa Silas mtoto pia, maana Silas si mjomba, si babu, si wa ukoo. Kwa sheria za damu, za Uingereza na za Usukuma, mfumaji huyu hana kitu. Eppie ndiye anayempa.

Swali la utambulisho katika Usukuma ni mtoto wa nani, na jina huanza kwa ng'wana, yaani mtoto wa, likifuatiwa na jina la mzazi. Kwa sababu hiyo hatuoni haja ya kubuni nomino mpya kwa ile hali ya kuwa wa mahali. Umepata kupendekezwa ujumuiko, na utangamano, na hata umiliki. Yote ni mazito kuliko mzigo wenyewe. Kiswahili kinasema Eppie ni wa Silas, Silas ni wa Raveloe; kiunganishi -a kinatosha, na kina faida kwamba hakisemi nani anammiliki nani. Kitenzi cha Kiingereza anachokitumia Godfrey kina maana mbili, kumiliki na kukiri, na mchezo wote wa sura ile umo humo. Kwetu lazima tuchague. Tumechagua kumkiri, kwa kuwa neno hilo linabeba pia kosa lililofichwa.

Neno la sheria zetu ni kuasili, ambalo liko katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 pamoja na maslahi ya mtoto kama kipimo cha kwanza. Ni neno zuri kuliko wengi wanavyotambua, kwa kuwa ndani yake mna asili: anayemwasili mtoto anampa chanzo. Godfrey mwanzoni anaomba kumwasili binti yake mwenyewe, akificha kwamba chanzo ni yeye. Silas tusimwite baba wa kambo, kama lilivyofanya gazeti moja la shule. Ukambo hupitia ndoa, na Silas hakuoa. Ni mlezi, na kwa kinywa cha Eppie ni baba.

Juu ya neno hilo mfasiri awe mchoyo. Kwetu kijana humwita baba kila mwanamume wa rika la mzazi wake, na adabu ya Kiswahili ingemfanya Eppie amwite Godfrey baba mara kumi kabla ya chai kumwagwa vikombeni. Katika rasimu ya kwanza alifanya hivyo, na kukataa kwake kukakosa nguvu kabisa. Sasa anapiga goti, anasema shikamoo, anamwita Bwana Cass kuanzia mwanzo hadi mwisho, na neno baba halitoki kinywani mwake ila akimgeukia Silas.

Mwishoni Silas anarudi kaskazini pamoja na Eppie kutafuta Lantern Yard, apate kujua kama ukweli wa wizi ulijulikana. Mahali pale pamejengwa kiwanda, na watu wanatoka kwenda kula chakula cha mchana. Hapati jibu. Anarudi na kumwambia Dolly kwamba tangu mtoto alipomjia amepata nuru ya kutosha, na ataendelea kuamini hadi kufa kwake. Kitenzi anachokitumia, alichokiokota kwa Dolly, hakina yambwa. Kiswahili kinapenda kuamini kuwe na kitu: kumwamini Mungu, kuamini habari, kuwaamini watu. Mwalimu mmoja aliyesoma rasimu alitushauri tuongeze Mungu hapo ili sentensi ikamilike, na mwingine akasema tuongeze watu. Tumeiacha bila ya yambwa.